Muhtasari wa Kikao, Alhamisi ya Pili

Tunakutana chini ya maktaba, kwenye chumba cha vitabu vilivyochanika,
hapa Tilden Fork, ambako makaa yaliisha kabla ya watu.
Kahawa imeungua. Daftari la saini linazunguka:
tumeapa kuwa yanayosemwa humu hayavuki kizingiti.
Kazi yangu ni kuandika.

Marehemu hatajwi jina. Huyu ni Nambari Kumi na Nne,
fundi wa mifereji ya mvua.
Nakijua kicheko chake. Mfereji wa paa langu aliufunga yeye,
na mpaka leo haujavuja.
Naandika: mwanamume, miaka 31.

Daktari Pruitt anachora mstari ubaoni:
mgongo ulioumia, vidonge, vidonge vilipokatwa,
unga wa mitaani, jela, nje.
"Hatutafuti mwenye kosa," anasema, kama kila mwezi.
"Tunatafuta mlango. Ulikuwa wapi mlango,
na nani alishika ufunguo?"

Bomba la joto linakohoa ukutani.

Denver Blankenship, askari wa jela, anazungusha kofia magotini.
Alimtoa Ijumaa, saa tano na dakika arobaini usiku.
Ndivyo ilivyo: karatasi zikitimia, mtu hutoka.
Basi la mwisho lilikuwa limepita saa mbili.
Alimrudishia mkanda, na simu isiyo na chaji.
"Nikamwambia jikaze," anasema.
"Nilimwambia jikaze," anairudia, anaiambia meza.

Wiki sita ndani, mwili ulikuwa umeshasahau.
Mkono haukusahau kipimo.

Loretta Skaggs wa duka la dawa haombi nafasi, anainuka tu.
"Jumamosi alikuja kwangu. Aliitaka ile ya kupuliza puani,
inayomrudishia mtu pumzi. Kompyuta ilikuwa imelala.
Nikamwambia rudi Jumatatu.
Nyuma yangu, kwenye rafu, zilikuwepo kumi na moja.
Nilizihesabu baadaye.
Kumi na moja."
Anakaa. Hakuna anayemwambia pole;
pole ingekuwa kumfungia mdomo.

Mji huu umezoea kuficha:
kikohozi cha mgodini, deni, mtoto wa kiume chumba cha nyuma.
Kilio ndicho kilichotufichua,
mara kumi na nne, na huo ulikuwa Mei tu.

Mapendekezo. Anayetoka jela atoke asubuhi, saa mbili.
Kisanduku cha naloksoni kitundikwe pale mlangoni,
achukue atakaye, bila jina, bila kompyuta.
Hobart Lilly, dereva wa basi la shule,
atawapeleka kliniki Jumamosi; mafuta atatia mwenyewe
mpaka kaunti ijadili, na kaunti, tunaijua.
Vitu vidogo. Udogo wake unatia aibu.
Tunapiga kura. Mikono yote.

Mengineyo.

Oleta Crum, mwenye duka la mashine za kufulia,
ndiye aliyemkuta, kwenye kiti cha plastiki,
kichwa kimeegemea kioo chenye joto.
Leo ni mara yake ya kwanza kualikwa. Amesubiri mpaka tumechoka.
"Mashine ilikuwa bado inazunguka," anasema.
"Jinzi mbili, fulana, soksi za kijivu, moja haina mwenzake.
Nilizikunja. Ziko kwangu mpaka leo.
Sijui nimpe nani. Fomu yenu haina pa kuuliza hilo."

Kweli haina. Nimetafuta, ukurasa hadi ukurasa.

Daktari anashika chaki, anaiweka.
Denver Blankenship ananyoosha kidole, kama mtoto darasani.
"Mama yake ni jirani yangu. Nitampelekea."
Anavaa kofia, anaivua tena.
"Nitakwenda mchana," anasema. "Si usiku."

Naandika hivyo hivyo:
nguo, Blankenship, mchana.